Korongo wa Usiku Bila Usiku

Tafuta picha ya korongo wa usiku kwenye simu yako sasa hivi. Kabla hujafungua, acha nikuambie utakachoona. Ndege mmoja amesimama juu ya tawi. Kichwa na mgongo ni vyeusi vya kung'aa, mabawa ya kijivu, kifua cheupe, na kisogoni manyoya mawili matatu meupe, marefu, kama nyuzi ambazo fundi amesahau kukata. Jicho jekundu kali, na ndani yake nukta nyeupe ya jua. Nyuma ya ndege hakuna kitu. Yaani kuna rangi ya kijani iliyolainika kama avokado iliyopondwa, lakini huwezi kusema ni mti gani, maji gani, nchi gani. Ndege huyu anaishi katika mabara yote isipokuwa Australia na Antaktika, na ukipitia picha zake huwezi kujua uko bara lipi.

Na karibu kila mara ni mchana.

Hapo ndipo shida yangu inaanzia. Tumempa ndege jina la saa anazofanya kazi, halafu tunamtafuta saa ambazo hayuko kazini. Korongo wa usiku hushinda mchana kwenye miti ya kando ya maji, mara nyingi na wenzake, shingo imezama mabegani, akingoja jua litue. Likitua ndiyo anatoka kwenda kuvua: samaki, vyura, wadudu, wakati mwingine hata makinda ya ndege wengine. Kwa hivyo nyingi ya picha tunazozipenda ni kama mtu aende kwa soja wa usiku saa sita mchana, ampige picha akiwa kitandani, kisha aiweke mtandaoni na maneno: huyu hapa soja. Sura ni yake, kweli. Hata kovu la kidevuni linaonekana. Lakini kuhusu ulinzi hujajifunza kitu.

Nataka kuzipima picha hizi kwa mizani ile ile tunayopimia riwaya au filamu. Zina mtindo, zina kanuni, zina wakubwa wake na wafuasi wake. Kila mtindo una vitu unavyoviweka mbele na vitu unavyovifukuza nje ya fremu. Huu wa korongo umefukuza vitatu: usiku, kungoja, na mahali. Naona tunalipia hasara hiyo, na wanaolipa zaidi si ndege peke yao.

*

Mtindo wenyewe haukuanza na Instagram. Kati ya 1827 na 1838, John James Audubon alichapisha The Birds of America, michoro 435 ya ndege wa Marekani ya Kaskazini, akijitahidi kuwachora kwa ukubwa wao halisi. Korongo wa usiku yumo, mzazi pamoja na mtoto wa rangi ya kahawia. Ni kazi ya kuvutia, sibishi. Lakini Audubon alikuwa akiwapiga ndege risasi kwanza, kisha anawapitisha nyaya na kuwafunga ubaoni hadi wakae mkao alioutaka. Ukimwona ndege wake amegeuza shingo kwa madaha, kumbuka kuna waya ndani.

Kisha ikaja kamera. George Shiras, wakili wa Pennsylvania ambaye aliwahi kuwa mbunge katika Bunge la Marekani, alijifunza kuwinda usiku kwa njia ya Waojibwe: unawasha moto mbele ya mtumbwi, unateleza kimya juu ya maji, na mnyama wa ukingoni anaduwaa akikodolea mwanga. Shiras aliacha bunduki akashika kamera na unga wa kulipuka kwa mwanga, lakini mbinu ilibaki ile ile. Julai 1906, National Geographic ilichapisha picha zake 74 kwa mpigo. Swala wake wamesimama kwenye maji meusi, weupe pepepe, macho yamewaka. Hadi leo ni kati ya picha za usiku zinazonisisimua zaidi, kwa sababu moja: giza limeachwa liwe giza. Mwanga wa Shiras unafika pale unapofika, na zaidi ya hapo hujui kuna nini. Lakini pia ni picha za kiumbe aliyeshtuliwa. Tunachokiona pale ni sekunde moja ya hofu. Maisha ya huyo swala usiku ule, kabla ya mlipuko na baada yake, hatukuonyeshwa.

Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walikuwa wakitafuta njia nyingine. Mwaka wa 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, wakaendelea hadi kufikia kutumia ngozi ya ng'ombe iliyojazwa umbo, mpiga picha akiwa amejificha ndani. Unaweza kucheka, mimi nilicheka, lakini wazo lenyewe ni la heshima: badala ya kumlazimisha ndege akae unavyotaka, wewe ndiye unayeteseka ndani ya ng'ombe.

Huyo Cherry ndiye aliyekuja huku kwetu mwaka wa 1909 akamrekodi Theodore Roosevelt kwenye safari yake ya uwindaji, safari iliyorudi Marekani na wanyama zaidi ya 11,000, kuanzia tembo hadi wadudu. Roosevelt alifika hadi ziwa Naivasha, akawinda viboko. Kwa hivyo kamera na bunduki zilitembea njia moja katika nchi hii, na Naivasha ilikuwa kituo. Waingereza hata neno wanatumia moja kwa zote mbili. Sisi tunapiga picha, lakini pia tunapiga simu, pasi, deki, magoti na stori, kwa hivyo kitenzi chetu hakina damu. Tabia ndiyo tumeirithi: kwenda, kupata, kurudi na kichwa cha kutundika ukutani. Picha ya korongo mwenye jicho jekundu na mandhari ya avokado ni kichwa cha kutundika ukutani.

*

Kama huamini, soma maelezo yaliyo chini ya picha. Nimesoma mengi mno. Yanakwambia urefu wa lenzi, 600mm. Yanakwambia kasi, sehemu moja ya 1,600 ya sekunde. Yanakwambia ISO. Yaani tunaelezwa kwa undani kamera ilikuwa inafanya nini, na hakuna neno kuhusu ndege alikuwa anafanya nini. Ilikuwa saa ngapi? Alikuwa amelala? Alikuwa na wenzake? Aliruka baada ya hapo, na kama aliruka, ni kwa sababu ya nani? Kuhusu mahali utapata "Naivasha, Kenya", basi. Ziwa zima, miji, mashamba ya maua, wavuvi, barabara, vyote vimekaa kwenye maneno mawili.

Sidai kwamba watu hawa ni wavivu. Kupata manyoya makali namna ile kunahitaji mkono, subira na lenzi ya bei ambayo mimi nikiiwaza naumwa na kichwa. Lakini ustadi mkubwa unaweza kutumiwa kujibu swali dogo. Swali la picha hizi ni: anaonekana vipi kwa karibu? Sasa tunajua. Tumejua tangu Audubon.

Teknolojia mpya imefanya mambo yawe magumu zaidi. Simu yako ikiwekwa hali ya usiku haipigi picha moja. Inapiga kadhaa, inazipandanisha, inatoa kitu kinachofanana na alasiri yenye mawingu. Maji meusi yanakuwa ya buluu. Anga inakuwa ya zambarau. Kisha kuna programu za kusafisha chembechembe za giza, ambazo zimejifunza manyoya yanavyokaa kutoka kwa mamilioni ya picha nyingine. Zikikuta sehemu ambayo kamera haikuona vizuri, zinajaza kwa kukisia. Unyoya unaoushangilia huenda hakuna aliyeuona, si wewe, si lenzi. Waya wa Audubon umerudi, safari hii ndani ya hesabu.

Hamu yetu ya kuuona usiku kikamilifu imewahi kuaibisha hata wakubwa. Mwaka wa 2017, katika mashindano ya Wildlife Photographer of the Year yanayoandaliwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, tuzo moja ilienda kwa picha ya usiku kutoka Brazili: kichuguu chenye nukta za mwanga wa wadudu, na mlamchwa anakikaribia. Safi kabisa. Mwaka uliofuata tuzo ilifutwa, baada ya wataalamu kuamua kwamba mlamchwa yule karibu kwa hakika alikuwa amekaushwa, mfano wa kuonyeshea wageni kwenye hifadhi. Mpiga picha alikanusha. Mimi kinachonishangaza si udanganyifu. Ni kwamba mnyama mfu alikuwa ametimiza kila kitu tulichokuwa tunakiomba: alitulia, alikuwa mahali pazuri, na mwanga ulimkubali. Ukiwa na vigezo ambavyo maiti inaweza kuvipita, tatizo ni vigezo.

*

Naivasha kuna mchezo ambao kila aliyepanda boti anaujua. Mwenye boti anapiga mbinja, anamwinua samaki juu, anamtupa. Furukombe, yule tai mla samaki, anashuka kutoka mtini, makucha mbele, na boti nzima inabonyeza kamera. Ni riziki ya watu na siiombei mabaya. Lakini picha inayotoka hapo ni ya makubaliano kati ya tai na boti, na mara nyingi inasambazwa kama ya porini.

Korongo wa usiku haji kwa mbinja. Huko Japani wana hadithi kinyume na hiyo. Mfalme Daigo alimwona korongo kando ya bwawa, akatuma mtu amkamate. Ndege alipotaka kuruka, mjumbe akamwambia hii ni amri ya mfalme, na ndege akalala chini. Mfalme akafurahi, akampa cheo cha daraja la tano la ikulu. Mpaka leo Wajapani wanamwita korongo wa usiku goisagi, korongo wa daraja la tano. Ni hadithi nzuri, lakini angalia kilichotuzwa pale: kutii, kukaa palepale ulipoambiwa. Wapiga picha wengi wangempa ndege huyo cheo kikubwa zaidi.

Majina mengine aliyopewa yametoka mahali tofauti kabisa. Jina lake la kisayansi, Nycticorax nycticorax, ni Kigiriki cha "kunguru wa usiku", limerudiwa mara mbili kama mtu anayeita gizani. Waholanzi wanamwita kwak. Wamarekani wa wakati wa Audubon walimwita qua. Hawa wote walimpa jina kwa masikio. Sisi kwenye Kiswahili cha kila siku tumemtupa kwenye gunia la korongo, pamoja na karibu kila ndege mwenye miguu mirefu, na yeye hata hana miguu mirefu ya kujivunia. Lakini mwulize mvuvi anayelala kandokando ya maji, atakuigia sauti yake kabla hajakueleza rangi. Kwok. Moja tu, juu ya kichwa chako, kama mtu amekohoa ndani ya mtungi. Ukiangalia juu umechelewa.

Hiyo sauti haiingii kwenye picha, najua. Lakini kuna picha zinazokufanya ungoje kusikia kitu, na kuna picha ambazo zimeziba masikio kabisa.

*

Nilienda Naivasha kwa sababu huko ndiko picha nyingi za korongo za Kenya zinakotoka. Sikuwa na pesa za boti. Nilishukia mjini nikatembea hadi upande wa Kihoto, mtaa ambao maji ya ziwa yameuingia zaidi ya mara moja katika miaka hii ya 2020. Ziwa lilipanda, likafika kwenye nyumba, watu wakabeba magodoro na masufuria wakaondoka, wengine wakarudi, wengine wakaondoka tena.

Ukiwa ufukweni utaiona ile migunga iliyokufa, imesimama ndani ya maji, mikavu, myeupe. Hiyo miti unaijua. Umeiona kwenye picha mia moja. Ndege wanaipenda kwa kulala na wapiga picha wanaipenda kwa sababu tawi kavu halifichi kitu. Nilichokuwa sijakielewa hadi nisimame pale ni kwamba miti hiyo iliuawa na maji yale yale yaliyoingia kwa watu sebuleni. Tawi zuri la picha na nyumba iliyozama ni habari moja. Katika picha zote za korongo wa Naivasha nilizokuwa nimezipitia, na ni nyingi, sikuwa nimeona hata moja inayoonyesha kwamba ziwa lilipanda. Miaka mizima ya kazi, kamera za bei, na ukizipanga kwa tarehe hazikwambii jambo kubwa zaidi lililotokea mahali pale. Avokado ya mwaka huu ni avokado ya miaka kumi iliyopita.

Nilikaa na vijana waliokuwa wanavusha watu kwa mtumbwi kwenda kuangalia vitu vyao. Walinikanya nisisogelee maji giza likiingia, kwa sababu ya viboko, na nilitii haraka sana. Hiyo nayo ni sababu picha za usiku ni chache. Giza la ziwani si la kuigiza. Tulikaa nyuma, juu ya mawe. Kwanza mbu. Halafu ndege wa mchana wakarudi kulala, kelele nyingi, wakanyamaza. Halafu, anga ikiwa imebaki mstari mmoja wa rangi ya chungwa, kwok. Na nyingine, mbali. Kivuli kikapita chini chini, mabawa mapana, hakuna shingo. Kikatua juu ya ukuta wa choo uliokuwa umebaki nje ya maji kwa kiasi cha futi mbili.

Nikauliza kama wanamjua. Mmoja wao akacheka.

"Hao? Hao ni majirani, bana. Sisi tulihama, wao wakahamia."

Akatoa simu, simu ya kawaida yenye ufa kwenye kioo, akanionyesha picha aliyoipiga siku za nyuma akiwa mtumbwini. Naieleza hapa kwa sababu ndiyo kazi bora juu ya korongo wa usiku niliyoiona hadi sasa, na haiko popote unapoweza kuiona.

Robo tatu ya picha ni nyeusi. Chini kuna maji, na unajua ni maji kwa sababu taa ya stima ya mbali imechora mstari wa njano unaotetemeka. Kulia kuna paa la mabati, limeinama, na chini yake nusu ya dirisha. Nusu nyingine imezama. Kwenye ncha ya paa kuna umbo. Ukitazama haraka utadhani ni kipande cha bati kilichopinda. Ukitazama tena unaona mdomo mzito ukielekea chini, mgongo uliokunjika, na unyoya mmoja mweupe ambao umeshika mwanga. Jicho halionekani. Picha imetikisika kidogo, kwa sababu mtumbwi unatikisika.

Niliiangalia muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia picha yoyote ya 600mm. Jicho langu lilianza kwenye taa, likafuata mstari wa njano, likagonga dirisha, likapanda paa, ndipo likampata ndege, mwisho kabisa. Yaani nilimwona kwa mpangilio ule ule ambao mtu humwona korongo wa usiku kweli: mahali kwanza, kisha shaka, kisha yeye. Na hadi nimfikie nilikuwa nimeshapita kwenye nyumba ya mtu. Picha ilinilazimisha. Hakuna njia ya kumfikia ndege yule bila kupita kwenye dirisha lile.

Yule kijana hakuwa anatengeneza sanaa, alisema alitaka kumwonyesha mamake hali ya nyumba. Ndege aliingia mwenyewe. Labda ndiyo maana.

*

Sasa, kuna hoja upande wa pili, na nina deni la kuisema vizuri. Picha kali ya karibu ina kazi yake. Korongo wa usiku mchanga ana rangi ya kahawia yenye madoa meupe na jicho la njano. Huchukua kama miaka mitatu kupata rangi za utu uzima, na mtu anayejifunza anaweza kumchanganya na ndege wengine wa matete. Bila picha safi hatungeweza kufundishana. Kuna pia jamaa yake, korongo wa usiku mwenye mgongo mweupe, mwenye mduara mweupe kuzunguka jicho, ambaye ni adimu sana Kenya na hujificha kwenye mito yenye miti iliyoinamia maji. Ukibahatika kumwona, piga uso, piga kila kitu, tutakushukuru. Vitabu vya kutambulia ndege vinamweka ndege kwenye karatasi nyeupe kwa sababu nzuri. Na kuna watu wengi waliopenda ndege kwa sababu ya uzuri mmoja wa karibu, ndipo wakajiunga na matembezi kama yale ya kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, ambayo yamekuwepo tangu miaka ya 1970. Mlango ni mlango.

Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni mlango kugeuzwa nyumba. Kitabu cha kutambulia hakidai kwamba karatasi nyeupe ndiyo makazi ya ndege. Picha ya avokado inadai hivyo bila kusema, na tumeiangalia mara nyingi hadi tumeamini.

Na hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la ladha tu. Kenya ina maeneo sita ya ardhi oevu yaliyo kwenye orodha ya mkataba wa Ramsar: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elmenteita na delta ya mto Tana. Naivasha iliingia mwaka wa 1995. Lakini kinamasi cha Dunga, Kisumu, ambako mafunjo ambayo Wajaluo wanayaita togo yanakatwa kutengenezea mikeka na ndege wa mafunjo wanahesabiwa na watu wa kijiji wenyewe, hakimo. Ondiri kule Kikuyu, ambako mto Nairobi unaanzia, hakimo. Na kuna vinamasi ambavyo havina hata jina, nyuma ya estate, vinavyoitwa "pale kwa maji" hadi siku lori la kwanza la udongo litakapokuja kumwaga. Mwenye lori atasema hapa palikuwa uchafu na mbu. Utamjibu na nini? Ukimwonyesha picha ya ndege mzuri mbele ya kijani kilicholainika, atakwambia ndege huyo anaweza kuwa popote. Na atakuwa na haki, kwa sababu wewe mwenyewe ulihangaika na lenzi ili aonekane kama anaweza kuwa popote.

Picha inayomweka korongo juu ya bomba la maji taka, na nyuma yake ukuta wa estate unaotambulika, na mafunjo, na chupa za plastiki, na mama anayepita na ndoo, hiyo haiwezi kuhamishwa. Inasema: hapa, jioni hii, katika uchafu huu mnaouona, kuna mtu anavua. Korongo wa usiku ni ndege mzuri sana kwa kazi hiyo kwa sababu hana maringo. Yuko kwenye mabwawa ya mji, kwenye mitaro, kwenye miti ya barabarani. Oakland, California, walimfanya ndege rasmi wa mji wao mwaka wa 2019, baada ya watoto wa shule kumpigania, na huko hutaga kwenye miti ya katikati ya mji, juu ya magari yaliyoegeshwa. Yeye hajawahi kujitenga na sisi. Ni fremu zetu zinazomtenga.

Kwa hivyo ningependa kuona nini? Ningependa giza liachwe. Kama picha ni nyeusi robo tatu, iwe nyeusi robo tatu. Ningependa kungoja kuonekane, na kamera inaweza hilo vizuri kuliko wengi wanavyodhani: korongo akivua husimama tuli muda mrefu, kwa hivyo ukiweka kamera kwenye stendi na kuacha mwanga uingie kwa robo sekunde au zaidi, maji yatalainika na yeye atabaki mkali. Hapo utakuwa umepiga subira yenyewe. Ningependa maelezo yaseme saa, sauti, na ndege alifanya nini baada ya wewe kufika. Mwanga wa kulipuka kwenye kiota, hapana, hata kama picha ni ya tuzo. Makinda ya korongo wakishtuliwa hutapika chakula chao, na hicho ni chakula ambacho mzazi ametumia usiku kukitafuta. Na ningependa kuona picha nyingi zaidi kutoka kwa watu ambao wanaishi pale, wenye simu zenye ufa, ambao kwao ndege huyu ni jirani kabla hajawa lengo.

Tutapoteza nini? Jicho jekundu, mara nyingi. Gizani jicho hilo ni jeusi kama vingine vyote. Naona ni bei nafuu. Rangi hiyo tunaijua, tumeipiga mara milioni. Ambacho bado hatujakiona sawasawa ni mahali anapolitumia.